Mwenye Kofia Avue

Jumatatu, 14 Julai 2025

Habari kubwa! Mwalimu Sophia ametangaza kwamba Ijumaa, kwenye klabu ya filamu, kila mmoja ataeleza filamu aliyoitazama karibuni na maoni yake. Atakayewashinda wenzake atapanda jukwaani Jumamosi kwenye onyesho la filamu Bagamoyo mjini, kipaza sauti mkononi. Lazima niwe mimi. Nimeshaanza mazoezi kwa mwiko.

Kikwazo: televisheni yetu iliungua umeme uliporudi kwa kishindo. Kwao Najma wana televisheni pana kama mlango. Leo ameniuliza mbele ya watu, eti Hajra shoga yangu, wewe utatuelezea tangazo la redio? Nimetabasamu kiungwana. Roho inachemka kama maharage.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata njia! Banda la video la Kaka Muzammil limeegemea jiko letu, katikati ni bati moja tu. Bibi ameshasema msichana atakayeingia mle atamtoa kwa ufagio. Sawa. Lakini masikio hayajakatazwa. Na filamu za mle ni za nje, zimetafsiriwa: mtu mmoja husemea wote, mwanamume, mwanamke na farasi, na kuwapa majina ya huku kwetu. Macho ya nini?

Nimekaa kwenye mbuzi, nakuna nazi, sikio kwenye bati. Shujaa ni Bwanausi wa Fukayosi, mchoma mkaa. Mchumba wake ametekwa na Mzee Kitambi wa Ubena. Vita! Puu! Paa! Aliyeguna zaidi nimemhesabu ameshindwa. Mara, katikati ya mapigano, sauti nzito: mwenye kofia avue, wa nyuma hawaoni! Nimesisimka. Maneno mazito kiasi hicho, na mtu kashika panga! Bibi ameuliza mbona leo nimekuna mpaka kifuu.

Ijumaa, 18 Julai

Najma ameanza. Filamu yake nzuri, waigizaji wazuri, mwisho mzuri, nguo nzuri zaidi. Nikajua nimeshinda.

Nimesimama. Nimesimulia vita mpaka maneno ya Bwanausi ya kofia, nikaeleza kwamba kofia ni wakubwa waliokaa mbele, na wa nyuma ni sisi. Mwalimu Sophia ameyaandika maneno yale ubaoni! Ameyapigia mstari!

Ndipo Najma akanyoosha mkono, adabu tele, akauliza shujaa wangu ana mtindo gani wa nywele. Nimejibu: za wastani, zimechanwa upande. Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu Ishaka, ambaye bandani ni kama kwao, amesema Bwanausi ana upara unaong'aa kama sufuria mpya, hata adui hujitazamia humo. Mwalimu akaniuliza niliitazamaje filamu hiyo. Nikasema nilizingatia maudhui. Amemchagua Najma.

Njiani Ishaka amenipa pole, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kofia ile ni yake! Kaka Muzammil ndiye aliyemfokea mle bandani, si Bwanausi. Ameniomba nisimwambie mtu, anaona aibu. Aibu yake!

Jioni Najma amekuja kwetu na shikamoo ndefu kwa Bibi. Kumbe hana la kusema jukwaani. Ameomba nimwazime maneno ya kofia. Nimemwazima kwa moyo mweupe. Nimemsisitiza ayaseme kwa nguvu, akitazama mstari wa mbele. Maana mgeni rasmi ni Mzee Abdulazizi, na hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ya viua. Watu husema hulala nayo. Mtoto amwambie mzee wa namna hiyo avue kofia, hadharani! Nitalala vizuri leo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimewahi kiti kizuri cha kutazamia aibu ya Najma. Akapanda. Akamkazia macho mzee. Akapaza sauti: mwenye kofia avue, wa nyuma hawaoni!

Mwalimu Sophia amefumba macho. Mzee Abdulazizi akainuka polepole, akageuka, akatutazama sisi wa nyuma. Akavua. Upara! Unang'aa kuliko wa Bwanausi! Akasema miaka yote anakalishwa mbele, na hakuna mtoto aliyethubutu kumkumbusha waliokaa nyuma yake. Watu wakasimama, makofi, vigelegele. Akamuuliza Najma maneno yale ameyatoa wapi. Najma akajibu: moyoni.

Moyoni! Yametoka kwa Muzammil, yakapita kwenye bati, yakapita kwenye nazi yangu!

Sasa Najma ndiye msemaji wa maonyesho yote ya mwaka huu. Mimi nimeombwa kumshikia mkoba.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimeliona: bati. Lingekuwa na tundu, ningeuona upara.

Wiki ijayo klabu itazungumzia vitabu. Najma ana kabati zima. Mimi sina wasiwasi. Jirani yetu Bi Rukaya humsomea mumewe kitabu kila jioni, na dirisha lao halina kioo.

Mbuzi ya nazi nimeshaihamishia chini yake.