Sumaku Kwenye Majivu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Gibson alikuwa anacheka na mwalimu mkuu, Madam Joan, mlangoni pa ofisi. Nilipofika wakanyamaza. Wakanisalimia! Kuna kitu.

Kisha Madam akaniambia: Alhamisi atakaa darasani aone ninavyofundisha fizikia. Akiridhika, maabara ni yangu. Yaani ufunguo! Miaka yote uko kwa Gibson Kiptanui, mwalimu wa kemia, na mimi Phelix Amolo, mtu mzima mwenye mke, namfuata hadi kwenye boma la ng'ombe wake nikauombe kama mtoto anayeomba ruhusa ya choo. Nimechoka. Ufunguo huo nautaka kuliko chakula.

Somo ni nyuga tatu: uga wa mvutano, wa umeme na wa sumaku. Nguvu zinazovuta kitu bila kukigusa. Kama Gibson anavyomvuta Madam.

Nimebeba sumaku mbili za shule hadi nyumbani, ndani ya soksi. Zikibaki maabara zitapotea, na sote tunajua mwenye ufunguo ni nani.

Jumanne, 13 Mei

Nizifiche wapi? Chini ya kitanda ndiko mwizi huanzia. Nimezitia kwenye mkebe wa kakao, nikaufukia chini kabisa ya majivu ya meko. Nani atachimba majivu? Monicah sijamwambia. Ni mke mwema, lakini huchuma chai pamoja na mke wa Gibson, na mdomo hauna kufuli.

Jioni Gibson akaniletea kibuyu cha mursik. Eti kunitakia heri. Heri gani? Nimeyaonja maziwa hayo kwa uchunguzi tu. Nikachunguza mpaka kibuyu kikaisha. Sasa macho yanajifunga yenyewe. Ndio mpango wake huo.

Jumatano, 14 Mei

Mbinu safi! Kesho nina kipindi cha asubuhi, Gibson ana cha baada ya chakula. Madam akishashiba atakuwa mpole. Nikamwomba Gibson tubadilishane.

Akasema, "Mwalimu, mchana itanyesha, na umeme wa kusugua hautaki unyevu. Baki na asubuhi."

Aha! Tangu lini adui akakuchagulia saa nzuri? Ni kweli hapa Sosiot mvua huja mchana, hata wachuma chai hutoka asubuhi na plastiki zao kiunoni. Lakini si kila siku. Nikamshikilia kidogo tu, akakubali. Amekubali haraka. Hata hilo silipendi.

Monicah amechemsha maharagwe tangu adhuhuri. Kuni kavu, makaa mekundu, nyumba ina joto tamu. Nalala kwa amani.

Alhamisi, 15 Mei

Ole wangu.

Madam aliketi, mvua ikashuka. Bati likapiga kelele nikawa nafundisha kwa mikono. Nikasugua baluni kwenye sweta ili ivute vipande vya karatasi. Hakuna hata kimoja kilichoinuka. Nikasugua mpaka sweta ikaanza kufumuka.

Nikatoa sumaku. Mkebe ulikuwa bado na joto nilipoufukua asubuhi. Nikanyunyiza unga wa chuma juu ya karatasi ujipange kwa mistari. Ukalala tu. Chepkorir wa dawati la mbele akauliza kwa heshima kama hivyo si vyuma vya kawaida.

Nimebadilishiwa! Gibson alipitia wapi hadi kwenye meko yangu? Majivu hayakuwa na alama hata moja. Mtaalamu kabisa huyu.

Ukabaki uga wa mvutano. Nikapanda juu ya dawati niangushe jiwe na karatasi iliyofinyangwa, waone vinafika pamoja. Viatu vilikuwa na maji. Tulifika pamoja mimi, jiwe na karatasi. Nikamalizia maelezo nikiwa sakafuni. Madam akaandika kitu, akatoka. Kiuno kinaniuma na moyo pia.

Jumamosi, 17 Mei

Gibson amekuja asubuhi. Akaweka ufunguo wa maabara mezani! Eti yeye ndiye aliyemwomba Madam ampumzishe, ng'ombe wanamshinda. Eti mwezi mzima amekuwa akinipendekeza mimi, na Madam amesema mtu anayefundisha akiwa amelala chini anapenda kazi yake.

"Shika, Mwalimu," akasema. "Ulistahili tangu zamani."

Akanipa na sumaku mbili mpya. Akanisihi niziweke mbali na moto, kwamba moto huziua.

Alipoondoka nikafikiri. Nani hutoa ufunguo bure? Kitu kikipotea maabara, anayeulizwa ni mwenye ufunguo. Mtego! Nikamfuata hadi kwenye boma la ng'ombe nikamrudishia. Uso ukamshuka. Kupangua mpango wa mtu kunauma.

Monicah aliuliza, "Si ndio huo ufunguo uliokuwa unaulilia?" Nikamwambia mambo haya ni mazito. Hajaniongelesha tena mpaka jioni.

Sumaku nimebaki nazo. Mbali na moto, eti! Nimemwelewa. Aliungua vidole alipoiba zile za kwanza, sasa anaogopa meko yangu. Nimezifukia palepale, chini zaidi.

Jumatatu nitamwomba ufunguo, nijaribu sumaku hizi darasani.

Monicah ameuliza kama awashe moto wa maharagwe. Nimemwambia awashe.