Mtu wa Kumi na Mbili Uwanjani

Jumatatu, 17 Novemba 1947

Juzi tumefungwa tena. Arobaini na moja kwa sifuri. Mechi ya saba, kipigo cha saba, na msimu mzima wa mpira wetu wa Kimarekani hatujavuka mstari wa mwisho na mpira mikononi hata mara moja. Nashukuru sana! Tukifungwa vibaya hivyo Kocha Prohaska hukata tamaa, akaingiza kila aliye benchi, hata mimi. Chuo chetu cha Marwick humpa herufi yake, M kubwa ya sufi ya kushonwa kwenye sweta, mchezaji aliyeingia uwanjani katika robo kumi, na kila mechi ina robo nne. Nimeshafikisha tisa. Bado moja! Na mechi imebaki moja, Jumamosi.

Mama ameandika kutoka nyumbani. Sweta langu la Krismasi amemaliza kulifuma, kifuani ameacha nafasi ya herufi. Kanisa zima limeshaambiwa. Mungu wangu.

Jumanne, 18 Novemba

Habari mbaya. Kocha anasema Bramley, tunaocheza nao Jumamosi, ni wabovu kama sisi. Huenda mechi ikabana! Wenzangu walishangilia. Mimi nilishika kichwa. Mechi ikibana, Delbert Nye hatoki kwenye nafasi ninayoitaka. Ana miaka kumi na tisa, kakulia shamba la mahindi, shingo yake ni nene kama paja langu. Mimi nina ishirini na saba, na vita vyote nilipigana na viazi jikoni Ubelgiji. Ananiita babu.

Lakini silalamiki. Niko hai, na serikali inanilipia ada kwa sababu ya viazi vile. Tena nina mpango.

Alhamisi, 20 Novemba

Mpango: kumlisha Delbert mpaka awe mzito. Nilimwambia Bi. Lindquist, mwenye nyumba wangu, kwamba kuna kijana timuni hana hamu ya kula. Mama wa watu machozi yakamlenga, akaoka pai nne za maboga. Jana Delbert alizimaliza zote chumbani kwangu. Leo mazoezini kaangusha watu watatu kwa mpigo! Akamwambia kocha mbele ya timu nzima kwamba ni babu aliyemtia nguvu. Kocha akanipa mkono, akasema laiti wote wangekuwa na moyo kama wangu. Niliona aibu. Kidogo.

Jumamosi, 22 Novemba

Robo ya tatu, Bramley walikuwa mbele kwa pointi tatu tu. Nilimwomba kocha niingie. Akasema kaa chini, Wendell. Nikamwambia Delbert anachechemea. Akasema huyo anakimbia kama farasi, kaa chini. Mara ya tatu akanipa mgongo.

Basi nikaingia mwenyewe. Niliona nisimame pembeni kabisa, mpira uchezwe mara moja, nitoke. Katika watu ishirini na wawili waliojaa matope, nani angeniona? Mpira ukaanza. Delbert akaubeba, akawapangua wote, akavuka mstari! Pointi sita! Za kwanza za msimu! Watu wakarusha kofia. Nikaruka juu, nikamkumbatia refa.

Refa akajitoa mikononi mwangu, akaanza kutuhesabu. Kumi na wawili. Pointi zikafutwa. Tumefungwa tatu kwa sifuri.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilijifunika taulo kichwani. Halafu Delbert akaanza kucheka. Yaani babu, akasema, msimu mzima umekaa, ukaona uinuke dakika ile ile! Wote wakaangua kicheko. Nusu yao wametoka vitani, wanajua kilichopotea leo ni mpira tu. Kocha hakucheka.

Alhamisi, 27 Novemba, Sikukuu ya Kushukuru

Delbert kanichukua kwao shambani nisile peke yangu. Mimi! Mama yake kanikatia paja zima la bata mzinga. Kila mmoja mezani ilibidi aseme anachoshukuru. Delbert akashukuru kwa zile pai. Akasema tangu afike chuoni hakuna aliyemjali hivyo. Nilitaka kuungama, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Nikalia, nikasingizia kitunguu. Zamu yangu ilipofika nilisema namshukuru kila aliyekaa meza hii. Ilikuwa kweli tupu.

Nimemwandikia Mama pale kifuani afume kulungu.

Ijumaa, 28 Novemba

Kocha kaniita. Ripoti ya refa imefika: Wendell Stroud alikuwa uwanjani katika robo ya tatu, bila ruhusa. Robo ya kumi! Kanuni ya herufi inataka mtu awe ameingia uwanjani. Kuhusu ruhusa, haina hata neno. Kocha kaisoma mara nne akitafuta upenyo. Hakuna! Akaisukuma M mezani kwa kidole kimoja, kama panya aliyekufa. Akasema nisimshukuru, na mwakani nisikanyage uwanja wake. Nikamshukuru hata hivyo. Ni mtu mwema.

Sina kinyongo. Jumatatu mpira wa kikapu unaanza, nao wana herufi yao. Wale huingia watano tu. Watano! Nani atajisumbua kuhesabu mpaka sita?