Neno la Herufi Tano kwenye Bango la Magodoro

Jumatatu, 6 Oktoba
Hatimaye dunia imeanza kutambua vipaji! Mama Bosi, mwenye duka letu la magodoro, anafungua tawi jipya karibu na hoteli za wageni. Anatafuta meneja. Wagombea ni wawili: mimi, muuzaji mkongwe, na keshia, mwanamume anayevaa tai hata siku ya kupakua mzigo. Kwa kuwa wateja wa huko huzungumza Kiingereza, Mama Bosi ameweka ubao mweupe mlangoni. Kila siku ataandika herufi kadhaa, nasi tutafute neno la Kiingereza la herufi tano lenye hizo herufi ndani yake. Atakayemfurahisha zaidi, tawi ni lake.

Leo: A, R, T. Nikasema water. Maji! Kila kiumbe anayahitaji. Keshia akaweka mkono kifuani, akasema heart. Moyo. Mama Bosi akashusha pumzi kama aliyeletewa maua. Eti maji yangu ni sahihi, ila hayana hisia. Akeshe na kiu tuone hisia.

Jumanne, 7 Oktoba
Q na U. Kusoma ni kazi ya wasiojua njia za mkato. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi simu. Kaniwekea programu: unaandika herufi, inamwaga maneno. Maana haitoi. Mke wangu akauliza nitajuaje maana. Nikamwambia dawa humezwa, haihojiwi. Akasema ndiyo maana mwaka jana nilimeza dawa ya kupaka. Mwanamke huyu ana kumbukumbu mbaya sana. Yaani nzuri.

Keshia akaleta quiet, utulivu. Mimi nikapiga: quirt! Mama Bosi akauliza ni nini hicho. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni ndege mwenye manyoya laini, mfano wa magodoro yetu. Keshia akafungua kamusi. Anayo kwenye droo, mtu mzima! Akasoma kwa sauti: mjeledi mfupi wa kupigia farasi. Makuli wa stoo walicheka mpaka wakaukalia mzigo. Mama Bosi hakucheka. Alisema anastaajabia ujasiri wangu. Au anastaajabu tu. Moja kati ya hayo.

Jumatano, 8 Oktoba
Siku yangu! Mama Bosi yuko tawi jipya kusimamia mafundi. Akapiga simu: L, O, S. Na safari hii si mchezo. Kesho anakuja mwenye hoteli, anataka magodoro ya vyumba vyote. Atakayewahi kumpigia na neno la kusifia bidhaa, neno lake litaandikwa kwenye bango la mlangoni.

Keshia akazama kwenye kamusi. Mimi nikabonyeza simu. Lousy! Litamke polepole. Lauzi. Kama hariri inayoteleza begani. Nikampigia bosi. Mafundi walikuwa wanatoboa ukuta, akasikia nusu, akasema haya, haya, andika.

Nikapanda ngazi na kopo la rangi nyekundu. LOUSY MATTRESSES. Hapo ndipo nilipomwona adui akivunjika. Keshia alilikodolea macho neno langu, midomo ikimtetemeka. Wivu! Kisha akaja kunishikia ngazi mwenyewe. Akaniambia, "Kaka, kuza herufi. Zisomeke mpaka ng'ambo ya barabara." Nikazikuza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule bwana anajua kushindwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sitaki kuandika. Naandika.

Mwenye hoteli alishuka kwenye gari, akasoma bango, akainama. Nikadhani anafunga kamba za viatu. Kumbe anacheka. Akaniuliza kama maneno yale ni kweli. Nikamwambia ni kweli tupu, mheshimiwa, hata mimi na familia yangu tunayalalia. Akauliza kama hatujikuni. Nikasema tunalala fofofo. Akapiga picha, akarudi garini, akaenda duka la washindani wetu.

Mama Bosi akafika. Akasimama chini ya bango. Akaomba kamusi. Lousy: yenye chawa. Pia: mbovu kabisa. Mimi nilidhani chawa pekee humu dukani ni keshia, anavyomganda bosi! Nikalalamika kwamba yeye alijua, na alinishikia ngazi. Mama Bosi akaniambia, "Alishika ngazi. Rangi alishika nani, baba?" Ameniita baba. Mwanamke wa umri wa mama yangu akikuita baba, jua mambo yameharibika.

Meneja wa tawi ni keshia. Mimi nimehamishiwa stoo, kubeba. Mgongo unanikumbusha kila godoro. Nyumbani nilijiandaa kuchekwa. Mke wangu hakucheka. Alinichanganyia maji ya moto na chumvi, akaniweka miguu humo, akanishauri nikamwombe bosi radhi, na keshia nimwache na tai yake. Nikaahidi. Nikajifuta macho kwa upindo wa kanga yake. Mvuke tu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimeomba radhi. Mama Bosi amenisamehe, kwa sharti kwamba nisiguse rangi mpaka kiyama. Nami nimetafakari kwa kina na kuligundua kosa langu. Lilikuwa la herufi tano! Neno fupi halina heshima.

Bahati iliyoje: jirani yetu anamwoza binti kesho, ameniomba nisimame mbele ya wakwe nimsifie bibi harusi kwa Kiingereza. Nimeiambia simu: herufi saba, iwe na G, H na L. Imenipa ghastly. Tazama linavyoanza! Kama ghali kabisa. Hapo hakuna wa kukosea.

Nimemsomea mke wangu. Amesema linasikika kama jina la ugonjwa, na kwamba kwenye filamu alilisikia likisemwa juu ya sura ya maiti ya kutisha, kisha akauliza kama ukumbi una mlango wa nyuma. Unao. Wanawake bwana, huwaza mapambo tu.