Uma wa Mama Odeta

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Mama Odeta,

Jumapili unatimiza mwaka tangu ututoke. Misa ya kukuombea ni saa mbili asubuhi, hapa Mabatini. Nimeomba nitoe sauti ya kuanzia wimbo kwa uma wako wa kwaya, ule wa chuma wenye meno mawili. Ulikuwa unaugonga gotini, unausogeza sikioni, unafumba jicho moja. Mwalimu wa kwaya sasa ni Rutashobya, aliyestaafu kufundisha fizikia. Sauti hiyo anaitoa kwenye simu. Simu, kwa misa yako!

Nikaugonga mbele yake. Akasema la. Nikawaka! La kwa nini? Marehemu alimkosea nini? Gladness wa sauti ya kwanza akacheka hadi akakaa chini. Kumbe la ndiyo jina la sauti ya uma, kama do, kama re. Sasa si angesema hivyo?

Jumatano, 4 Septemba

Mazoezi. Nikagonga uma, waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Rutashobya akanieleza kama mtoto wa kidato cha pili: meno ya uma yanatetemeka na kuisukuma hewa, ila ni membamba, hewa yanayoisukuma ni kidogo. Eti Baba Odeta, bonyeza shina lake mezani, meza nzima itetemeke, tusikie sote. Uma wa mke wangu uazime sauti ya meza? Katu!

Nimetafakari. Ngosha muuza sangara ana kilo mia, anasikika hadi Buzuruga. Uma wako umekonda tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeyazungushia meno yote mawili waya wa shaba. Umenona! Rutashobya akasikiliza, akakunja uso, akasema hii si la tena. Si la! Yaani ndiyo. Nikamshika mkono, nikaondoka kabla hajageuza neno.

Jumapili, 8 Septemba

Nikagonga. Kwaya ikaufuata uma chini, chini, chini. Besi wakanguruma kama kivuko cha Kamanga. Gladness akatoa sauti ya baba yake. Binti yetu akajifunika uso kwa kanga. Rutashobya akawasimamisha, akawapa sauti kwa mdomo, wakaanza upya. Bila mimi! Misa ya mke wangu!

Baadaye akasema waya umeyatia meno uzito, yanatetemeka polepole, ndiyo maana sauti imeshuka. Mimi nilitaka ikue, nani alitaka ishuke? Hajui lolote huyu. Kosa ni la waya, ulikuwa mwembamba. Kesho nanunua mnene, mwakani watanisikia.

Huko uliko najua mnaimba vizuri. Unikumbuke, Mama Odeta.