Blanketi la Ghati na Samaki Wangu Wanaoona Baridi

Mwalimu Lameck,
Kitaji, Musoma.

Kwa Mzee Muharami,
Fundi Makochi na Mshenga Wetu,
Bunda.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BLANKETI LILILOONDOLEWA KWENYE TANGI LA SAMAKI

Mshenga mheshimiwa, asalaam aleikum.

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mwanaupe, na kwamba makochi ya Bunda bado yanakalika. Mimi ni mzima. Samaki ndio nawahofia, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Wewe ndiye uliyekwenda Butiama kuniposea Ghati, ukazungumza vizuri mpaka wazee wakacheka, ukaniletea jibu. Kwa hiyo nachukulia kwamba ofisi yako bado iko wazi. Ningemwandikia baba mkwe, Mzee Clementi, moja kwa moja, lakini jambo lenyewe ni blanketi, na unajua kwamba mtu hataji vitu vya kitandani mbele ya wakwe zake. Mbele ya Mzee Clementi hata neno godoro naliogopa. Wewe magodoro ni kazi yako, basi nitajieleza kwa uhuru.

Kama hujafika kwangu siku za karibuni, sebuleni nina tangi la kioo lenye samaki wa mapambo niliowanunua Mwanza. Ni wadogo, wana rangi ya chungwa na michirizi ya bluu, na muuzaji aliniapia kwamba wasipopata maji ya uvuguvugu watakufa. Maji yao hupashwa na hita ya umeme yenye kitaa chekundu. Najua watu wanavyosema. Mama Yasmin, jirani yangu, alikuja kuwaona, akatumbukiza kidole kwenye maji, akarudi kwake, akaniletea ndimu na pilipili. Huko Buhare ninakofundisha sayansi, walimu wenzangu wananiuliza kila asubuhi kama wameiva. Nimezoea.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Blanketi limeondolewa bila makabidhiano.

Hita inakula umeme, hilo sikatai. Nilikuwa nikinunua uniti kama mwenye kiwanda cha kukoboa mpunga. Lakini kitaalamu joto hupotea kwa mpitisho, msafara na mnunurisho, na dawa yake ni kulifunika tangi pande zote isipokuwa mbele. Nilianza na kadibodi. Ikalowa, ikaota ukungu. Nikaja na yale maboksi meupe mepesi ya kufungashia minofu ya sangara inayokwenda ng'ambo. Mzee, yalishika joto vizuri ajabu. Bahati mbaya niliyapanga upande wa picha ukiangalia ndani, na picha yenyewe ni sangara mkubwa aliyefungua mdomo. Samaki wangu walijirundika nyuma ya jiwe, wakagoma kula mpaka nilipoyaondoa.

Hapo ndipo nilipolifikia blanketi. Ni zito, la manyoya, jekundu lenye maua makubwa. Nililizungusha kwenye tangi, nikalikaza kwa kamba ya viatu, na samaki wakatulia siku hiyohiyo. Mita nayo ikatulia. Kwamba hilo ndilo blanketi ambalo Ghati alifunikwa na shangazi yake Rhobi siku ya kumuaga, mbele ya ukoo mzima, akina mama wakipiga vigelegele, nililijua. Ila katika makubaliano yote uliyoyasimamia sikusikia mahali popote ikitajwa kwamba lina matumizi ya aina moja.

2. Lugha ya kuudhi.

Upepo wa ziwa umekuwa mkali mwezi huu, na Ghati akasema anaona baridi. Nilimweleza kwa upole, kama ninavyolieleza darasa la sita, kwamba yeye ni mnyama mwenye damu moto, kwa hiyo mwili wake unajitengenezea joto bila gharama yoyote, ilhali samaki ni mnyama mwenye damu baridi na hana wa kumsaidia. Nilimchorea na mchoro. Wewe ni mtu wa haki, Mzee Muharami: maelezo hayo yana kosa gani la kisayansi?

Ghati aliutazama mchoro. Kisha alisema maneno haya, nami nayanukuu yalivyo: "Nilikuwaga najua nimeolewa na mwalimu, kumbe nimeolewa na baba samaki. Haya, lala nao." Akalivuta blanketi kutoka kwenye tangi, pembe moja ikiwa bado inachuruzika maji, akalikunja, akaenda nalo stendi kupanda gari la kwao Butiama. Hakusaini popote.

3. Kikao cha Butiama kilichoketi bila mimi.

Habari hizi nimezipata kwa simu kutoka kwa shemeji yangu Gody, ambaye ana moyo mzuri ingawa alikuwa akicheka. Shangazi Rhobi alilinusa blanketi, kisha akalipitisha kwa wazee wote nao wakalinusa. Halafu akatoa hoja, na Gody anasema alisimama kabisa: "Kwetu sisi anayefunikwaga hili blanketi ni bibi harusi. Mwalimu amewafunika samaki. Basi atuambie baba yao ni nani, na ng'ombe alipelekaga wapi." Wazee wakaona hoja ina mashiko. Wakajadili kama posa ya samaki hupelekwa ufukweni au huingia na mtumbwi. Baba mkwe aliinuka. Alitoka nje akaenda kuangalia mihogo.

Nalalamika kwamba katika kikao hicho hakuna hata mmoja aliyekaa upande wa samaki. Zaidi ya hapo uvumi umeshafika Nyegina, ambako katekista ameomba nisisimamie ubatizo wa mtoto wa Esta mpaka mambo yangu yaeleweke, kwa kuwa ndoa ya kanisani ni ya mke mmoja na mimi kwa hesabu yao nimevuka. Esta ni dada yangu wa damu. Ametafuta msimamizi mwingine.

4. Umeme.

Hapa ndipo pana ushahidi ambao hata Shangazi Rhobi hawezi kuunusa akaukataa. Tangu blanketi liondoke, uniti zinakwisha mbio kuliko hata wakati ule ambao tangi halikuwa na kifuniko chochote. Nimejaribu taulo, nimejaribu koti la mvua, na sasa samaki wamevaa joho langu la mahafali. Mita haioni aibu. Kisayansi inanishangaza kidogo, lakini lawama inajulikana ielekee wapi, nayo inaelekea Butiama.

5. Afya.

Ugali napika mwenyewe na unatoka na mabonge. Simaanishi kwamba mimi nimeathirika. Ninapokula, samaki wanakuja kwenye kioo kuniangalia, na naona kabisa wanasikitika. Hali hii si nzuri kwao.

6. Chai pia haina ladha, sijui kwa nini.

Kutokana na hayo, naomba ufike Butiama kwa cheo chako cha ushenga, ukaombe mambo yafuatayo kwa adabu unayoijua wewe. Ombi la kwanza ni blanketi lirudishwe kwenye tangi, likiwa halijafuliwa, kwa sababu likifuliwa manyoya hulala. Wakikataa, basi wewe mwenyewe unishonee foronya ya tangi, yenye sponji ndani, kitambaa cha kochi nje, zipu pembeni na mfuko mdogo wa kuwekea chakula cha samaki. Rangi nakuachia uchague.

Na wakiona hilo nalo ni gumu, basi nipo tayari kwa ukarimu mkubwa kuwakabidhi wao samaki wenyewe, wakae hukohuko Butiama na blanketi lao. Ila tangi haliwezi kuachwa bila mtaalamu. Nitalazimika kuhamia huko. Naweza kulala popote, hata ghalani, mradi niwe karibu na tangi, na tangi, kwa sababu za kiufundi, liwe karibu na chumba anacholala Ghati.

Kuhusu Ghati mwenyewe sina dai lolote katika barua hii. Ni mtu mzima. Mimi nimezungumzia blanketi.

Nisalimie Mama Mwanaupe, Fahadi na vijana wote wa karakana, na wateja waliokalia makochi yako wakati ukiisoma barua hii. Ukifika Butiama umsalimie mama mkwe, umsalimie Gody na umwambie aache kucheka, na umsalimie Shangazi Rhobi ukiwa umesimama mbali kidogo. Baba mkwe mpe heshima zangu zote, na usimwambie nimeandika neno godoro.

Ni mimi, mkwe niliyeonewa, kwa niaba yangu na ya samaki,

Mwl. Lameck

N.B. Nilikuwa nimeshailamba bahasha, nikaona niangalie kipimajoto ili nikutajie joto la maji lilivyoshuka. Kitaa cha hita hakiwaki. Nimefuata waya mpaka nyuma ya kabati na kuikuta plagi imelala sakafuni. Kwenye soketi imechomekwa pasi, swichi imezimwa. Ghati alinyoosha gauni lake siku anaondoka, nami tangu siku hiyo sijanyoosha kitu. Maana yake ni kwamba muda wote huu samaki wameishi bila hita na bila blanketi, Mzee, na wamenenepa. Mmoja nadhani ana mayai.

Basi nikajiuliza umeme unaliwa na nani. Nimezunguka nyumba. Taa ya jikoni inawaka, ya uani inawaka, na ya chumba cha wageni inawaka wakati mgeni hayupo. Redio inaongea sebuleni na nyingine inaongea chumbani. Sizizimi hata nikilala. Nyumba ikinyamaza nashindwa kukaa ndani yake.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika huko juu yafute. Nenda Butiama, na ukifika usitaje samaki wala umeme. Waambie Lameck amemkumbuka mke wake mpaka hajui afanye nini, na anamwomba arudi nyumbani. Akija na blanketi, matumizi yake tutayajua wenyewe.