Mtani Wangu Kakalishwa na Jaji

Jumatatu, 5 Machi 1956, Temeke
Leo mwanangu Mwinjuma kasimama Korti Kuu, joho jeusi mpaka miguuni. Anamtetea Fakihi, muuza mkaa wa Vingunguti anayedaiwa kuua mtu. Akishindwa, Fakihi kitanzini. Akishinda, Temeke nzima itajua nimezaa nini. Jioni anafundisha watu wazima. Jumamosi anaandika gazetini mambo ya sheria. Makala zake nakata zote, nabandika ukutani. Sizisomi, ndefu mno. Jina nalisoma. Jirani yangu Tunu kauliza mbona wakili hana hata baiskeli. Mwanawe karani wa posta, kutwa kulamba stempu.

Jumanne, 6 Machi
Heri tupu. Jaji ana wazee watatu wa kumshauri, na mmoja ni Mzee Romani, Mnyamwezi wa mtaa wa pili. Mtani wangu huyo. Sie Wazaramo tunataniana nao hata msibani. Mwinjuma anasema shahidi wake, aliyelala chumba kimoja na Fakihi siku ya tukio, keshokutwa ndipo atasema, kisha aende zake kukata mkonge Tanga na manamba wenzake, vibarua wa mkataba.

Jumatano, 7 Machi
Nimempelekea Romani wali wa nazi na samaki. Nikamwambia, wee mpagazi, babu yako alibeba mizigo ya babu yangu, leo beba na huu: Fakihi hana kosa. Kacheka mpaka kakohoa. Kala wote. Kasema Wazaramo hatujui chumvi. Kazi imekwisha.

Alhamisi, 8 Machi
Balaa. Romani kamwambia jaji kuwa mama wa wakili alimtembelea, wali ulikuwa mtamu, lakini yeye hastahili tena kukaa pale. Kumbe mtamu. Jaji kavunja kesi, ianze upya baada ya wiki tatu, na wazee wengine. Shahidi hakusikilizwa. Mchana lori la manamba likaondoka naye. Fakihi karudishwa mahabusu. Mkewe kapita mbele yangu, kaniamkia shikamoo mama, kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 9 Machi
Mwinjuma kaja, hakukaa. Kaniuliza taratibu kama niliisoma makala ya Jumamosi iliyopita. Nikasema niliibandika. Akanisomea pale pale ukutani: ni kosa kumwendea mzee wa korti kwa habari ya kesi. Akasema, Mama, mashamba ya Tanga hayahesabiki, nitampata wapi, na pasipo yule shahidi sina cha kumwambia jaji. Uji kaukataa. Nimelia hadi magharibi. Tunu kaja kunipa pole, kasema mwanawe hajapata kuvunjiwa kesi. Nikampa ule uji wa Mwinjuma. Mara ya kwanza tangu tujuane.

Jumapili, 11 Machi
Nimewaza siku mbili, kosa langu nimeliona. Nilimwendea mzee mwenyewe. Wanaume hawana kifua. Wazee wapya wameshatajwa, na mke wa mmoja wao, mie ndiye kungwi niliyemfunda. Mwali hamkatalii kungwi wake neno. Kesho asubuhi naenda. Mwinjuma simwambii, ana mawazo mengi, maskini mwanangu.