Barua za Wendrop na Udi wa Asmahani

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimepata sanduku la bati. Limetoka kwenye ghala la zamani linalobomolewa karibu na bandari. Ndani, barua za kampuni ya Wendrop na Wanawe, wanunuzi wa mbata na ngozi wakati wa Mwingereza. Vibarua walitaka kuzichemshia chai. Idarusi, jirani yangu mwenye duka la fotokopi, naye alilikodolea macho. Nikamuwahi. Nitazihifadhi, nitazitafsiri, nitazitoa kitabu. Juu ya jalada: Sadalla bin Khatib. Peke yake. Mke wangu Asmahani yuko Pangani anamuuguza dada yake, kwa hiyo meza zote ni zangu.

Jumanne, 5 Agosti
Sikupika. Nimesoma tu. Mwaka 1931 meneja wa Tanga aliletewa kutoka Ulaya makasha ya miavuli isiyo na mipini. Akauliza aifanyie nini. Wakubwa wakamjibu habari za bei ya mbata. Akauliza tena. Wakamletea miavuli mingine. Maskini! Iliishia wapi? Nimeoga nikiiwaza. Habari mbaya: karatasi zina wadudu.

Jumatano, 6 Agosti
Dawa nimeipata. Nguo za Asmahani hazijaliwa na mdudu hata siku moja, na siri yake ni udi. Nikatoa chetezo chake na lile tenga la kufukizia nguo, nikazitandaza barua juu yake kama kanzu za Idi. Udi niliukuta kabatini, ndani ya kitambaa cha hariri. Harufu yake, subhanallah. Madirisha nimefunga ili Idarusi asijue. Anatangaza mtaani kwamba barua ni za wote na yeye ndiye mwenye mashine. Mwenye mashine hana barua.

Alhamisi, 7 Agosti
Majirani wamekuwa wapole ghafla. Bi Mwatum wa nyumba ya pili aliniombea kheri katika jambo langu jipya, akaniusia nisije nikalitupa la zamani. Nikamjibu hilo la zamani ndilo linaloninyima usingizi. Akaguna, akaenda zake. Sikujua kama ni mpenzi wa historia.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwita Najat, binti anayetunza nyaraka katika ofisi moja hapa mjini, aje aikague kazi. Nilimwomba apitie uani, Idarusi asimwone. Alikuja amevaa glavu nyeupe. Akaniamkia shikamoo, akanusa, akakohoa. Akasema kwa adabu kwamba moshi unaziharibu karatasi. Zinataka hewa na mahali pakavu, basi. Akanisihi niache leo leo. Ofisi yake ingezipiga picha na kuzitoa kitabu, nami ningetajwa kwenye shukrani. Shukrani! Nikamwambia nitafikiri. Alipokuwa anatoka nikamwona Idarusi juu ya ngazi, anapaka chokaa ukuta usio wake.

Jumamosi, 9 Agosti
Niliazimia kuacha. Lakini fungu la mwisho lilikuwa halijafukizwa, na sipendi upendeleo. Kaa likaruka. Barua moja tu imetoboka. Nikaisoma: “Kuhusu miavuli, hatimaye tumeamua...” Hapo ndipo penye tundu. Chini ya tundu: “...na wote wameridhika.” Nani karidhika? Na nini? Nimekaa sakafuni nikalia kidogo. Sioni haya kuliandika.

Jumapili, 10 Agosti
Asmahani amerudi bila taarifa, yeye na kaka yake Yasini mwenye mikono minene. Idarusi alimpigia simu: mumeo anafukiza udi mchana kutwa, na bibi harusi mwenye glavu anaingilia uani. Wakavamia chumbani. Kitandani hapakuwa na mke, palikuwa na Wendrop na Wanawe. Nikaeleza yote. Yasini akacheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimepona.

Kisha Asmahani akakiona kile kitambaa cha hariri, kitupu. Ulikuwa udi wa harusi ya binti yetu Samiha, shangazi yake aliuleta kutoka Maskati, na harusi ni mwezi ujao. Akasema mke mwenzake angemvumilia, maana mke huachika. Udi ule utarudije? Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Akachukua simu yangu, akamwambia Najat aje azichukue barua zote, tena apitie mlango wa mbele. Nimetia sahihi. Sanduku alilibeba Idarusi. Naye atashukuriwa kitabuni, tena kabla yangu, kwa kufuata alfabeti.

Jumatano, 13 Agosti
Najat kapiga simu. Barua zinasomeka, alhamdulillahi. Anasema kampuni ilikuwa na tawi Maramba, na huenda nakala ya ile barua iliyotoboka ilipelekwa huko. Nimeulizia. Sanduku lipo! Liko uvunguni mwa kitanda cha Bi Tuhfa, mjane anayeishi peke yake, asiyependa kelele za watu. Nimemwahidi kwenda kimyakimya. Asmahani nimemwambia nakwenda Horohoro mazikoni. Nimeshona kanzu mpya, maana mjane ni mtu wa kuheshimiwa. Udi sitautumia tena; mtu hujifunza. Nimenunua chupa mbili za marashi ya waridi, nizinyunyizie barua.